Mashine ya kukata nyasi: Shule inunue au ikodi?

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, mandhari ya shule na zahanati nyingi katika mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam hubadilika ndani ya wiki chache. Ukoka uliokauka hadi kufanana na udongo huchipua, magugu hupanda juu na kiwanja cha mpira huwa maficho ya nyoka. Ndipo kamati ya shule hukutana kwa haraka na kuamua kuwa inunuliwe mashine ya kukata nyasi.

Uamuzi wa aina hiyo hupigiwa makofi, kwa sababu wazazi wamechoka kuona watoto wakishinda na mafyekeo badala ya vitabu. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza swali la msingi: mashine hiyo itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka?

Katika mikoa hiyo masika huisha mwezi Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Nje ya miezi hiyo sita, nyasi zisizomwagiliwa maji hukua kidogo sana. Shule inayokata mara mbili kwa mwezi katika misimu hiyo itatumia mashine kwa siku 12 tu, na kwa siku nyingine zote mashine italala stoo.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chukulia mfano wa mashine ya Sh2,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitano. Kila mwaka inapoteza thamani ya Sh400,000. Ukiongeza Sh150,000 za visu, plagi na fundi, gharama inafika Sh550,000 kwa mwaka, sawa na karibu Sh46,000 kwa kila siku ya kazi. Kama mashine hiyo hiyo inakodishwa kwa Sh30,000 kwa siku, shule italipa Sh360,000 kwa mwaka mzima. Petroli na posho ya mwendeshaji ni zile zile kwa njia zote mbili.

Kwa mfano huo, kununua kunaanza kulipa pale tu siku za kazi zinapozidi 18 kwa mwaka. Bei hutofautiana toka mji mmoja hadi mwingine, lakini hesabu ni ile ile: gawanya gharama ya mwaka kwa bei ya kukodi ya siku moja, kisha linganisha jibu na siku utakazoitumia mashine.

Hesabu hiyo haijagusa hasara nyingine. Petroli ikiachwa ndani ya mashine kwa miezi kadhaa huacha utando unaoziba kabureta. Mashine nyingi za kubeba begani hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo maalumu, na mlinzi asiyefundishwa akijaza petroli tupu, injini huungua. Kisu kisichonolewa huchana majani badala ya kuyakata, na siku chache baadaye kiwanja kizima huwa na rangi ya kahawia.

Wapo watakaojibu kuwa nguo ya kuazima haistiri maungo. Lakini kukodi si kuazima. Anayeazima hutegemea hisani, ilhali anayekodi analipa na ana haki ya kudai huduma. Mkulima wa mahindi wa Babati au wa mpunga wa Kilombero hukodi trekta kwa bei ya ekari, na hakuna anayemcheka. Anajua kuwa trekta la kulima ekari zake nne kwa siku moja halina sababu ya kukaa uani kwake mwaka mzima. Ni ajabu kwamba taasisi zenye wahasibu hazitumii busara hiyo hiyo.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba mvua ikinyesha kila mtu huitaka mashine kwa wakati mmoja. Ni kweli, na nyasi hazisubiri foleni. Dawa yake ni mkataba wa msimu mzima unaotiwa saini mapema, kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, wenye tarehe za kila zamu. Mkataba huo useme pia nani anajaza mafuta, nani analipa kisu kikivunjwa na jiwe, na kwamba mwendeshaji atakuja na miwani na viatu vya kazi. Kukata kufanyike wanafunzi wakiwa mbali, kwani jiwe linalorushwa na kisu linaweza kupofusha.

Hii haina maana kuwa kila mtu akodi. Hoteli inayomwagilia bustani yake na kuikata kila wiki inahitaji mashine yake yenyewe. Lakini hata hoteli hiyo haina haja ya kununua mashine ya kutoboa udongo ulioshindiliwa na miguu, kazi inayofanyika mara moja au mbili kwa mwaka.

Hapo ndipo penye nafasi kwa vijana waliomaliza vyuo vya kilimo na ufundi. Mikoa kama Dodoma, Iringa na Mbeya ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwenye mashine chache aliyeko Morogoro anaweza kuzielekeza Dodoma mwezi Januari na Februari, mvua za vuli zinapokuwa zimekatika Pwani, kisha kuzirudisha masika yakianza. Mashine inayozunguka hivyo hupata siku nyingi za kazi ambazo shule moja haiwezi kuipa.

Kwa shule, tofauti si Sh190,000 za mwaka peke yake. Ni zile Sh2,000,000 ambazo hazikulazimika kutoka kwa mkupuo, na ambazo zingeweza kununua madawati au kukarabati vyoo. Kabla ya kamati kupitisha ununuzi, mhasibu aombwe jambo moja tu: aandike ubaoni idadi ya siku ambazo mashine itafanya kazi. Kama hazifiki ishirini, wajumbe wafikirie mara mbili.