BWANA SHAMBA ANASEMA: MTAZAME NA MBWA WAKO



Mfugaji akiona kupe kwa ng'ombe wake, hushtuka. Anajua kwamba kupe huleta ndigana kali. Lakini akiona kupe kwa mbwa, hajali. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Nilikuwa na mbwa hodari. Alifukuza nguruwe na ngedere katika shamba langu la mahindi. Kila juma niliogesha ng'ombe. Mbwa sikumtazama. Siku moja alikataa kula. Alikuwa na homa, akahema sana. Ufizi wake ulikuwa mweupe. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya kahawa. Majirani walisema amelishwa sumu. Mimi nikangoja tu. Siku ya tatu alikufa.

Bwana mifugo alipomtazama, alikuta kupe wamejaa masikioni. Akaniambia, "Hii si sumu. Hii ni homa ya kupe."

Kupe huletaje ugonjwa huu? Kupe hunyonya damu ya mbwa mgonjwa. Katika damu hiyo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadaye kupe humwuma mbwa mzima. Vijidudu huingia katika damu yake na kuiharibu. Ndiyo maana ufizi huwa mweupe na mkojo hugeuka rangi.

Lakini kwa kawaida vijidudu haviingii mara moja. Kupe hukaa mwilini siku mbili au tatu kwanza. Basi ukimtoa mapema, umemwokoa mbwa wako.

Fanya hivi:

1. Mkague mbwa kila siku. Tazama masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole.

2. Funga vidole vyako kwa kitambaa. Mshike kupe karibu na ngozi, umvute polepole. Usimpasue. Mtie motoni.

3. Fagia mahali anapolala mbwa. Ziba nyufa za ukuta. Kupe jike hutaga humo mayai zaidi ya elfu moja.

4. Usimpake mbwa mafuta ya taa wala dawa ya pamba. Atalamba sumu hiyo. Mwulize bwana mifugo dawa ifaayo na kipimo chake.

5. Ukiona dalili nilizotaja, usingoje kama mimi. Nenda kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya sindano ipo.

Mwaka ule nguruwe walikula mahindi yangu. Sasa nina mbwa mwingine. Kila jioni mwanangu humkagua.

Je, wewe umemtazama mbwa wako leo?