Noti, Ng'ombe na Mizani

Noti ya shilingi elfu kumi haina thamani kwa karatasi yake. Ni ahadi, na mtoaji wa ahadi hiyo ni Benki Kuu ya Tanzania, iliyofungua milango yake Juni 14, 1966, ikachukua kazi iliyokuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Wataalamu huipima ahadi hiyo kwa mfumuko wa bei na kwa akiba ya fedha za kigeni. Lakini takwimu peke yake hazileti imani. Zaire ilipotoa fedha mpya mwaka 1993, wananchi wa Kasai waliikataa, wakaendelea kwa miaka kadhaa kutumia noti za zamani ambazo serikali ilikwisha kuzifuta. Nchi moja, benki kuu moja, imani mbili.

Mkulima wa Kolandoto, kaskazini mwa mji wa Shinyanga, naye ana vipimo vyake, tena vya zamani kuliko Benki yenyewe.

Cha kwanza ni ng'ombe. Katika desturi ya Wasukuma, mwenye mifugo mingi haiweki yote katika zizi moja. Sehemu huipeleka kwa ndugu au rafiki wa kijiji kingine, ili ukame au maradhi yasije yakaimaliza kwa mara moja. Mtunzaji hunywa maziwa. Mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na ndama. Hapana hati wala mhuri. Kuna mashahidi, kuna undugu, na kuna aibu ya kuitwa mwizi. Anayeiona desturi hii kuwa ujinga wa kutojua benki na aikumbuke miaka ya 1980, ambapo bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi. Kabla ya 1988 kwisha ilipita shilingi 100. Aliyeuza ng'ombe akafungia noti sandukuni alipunjwa bila kuona aliyempunja.

Mfumuko umekaa chini ya asilimia 5 kwa mwaka tangu 2018, na Benki inastahili sifa kwa hilo. Hata hivyo kumbukumbu ya nyumbani ni ndefu kuliko taarifa ya mwaka. Kwa sababu hiyo naona muda uliotolewa wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, yaani Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, ulikuwa mfupi mno. Kwa bibi mwenye akiba chini ya godoro, miezi mitatu ni muda wa kusikia uvumi tu.

Lakini tusiitukuze imani ya jirani kupita kiasi. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha mchezo wa DECI wa "kupanda na kuvuna" fedha, ambao ulikuwa na wachungaji miongoni mwa viongozi wake. Watu waliwaamini kwa sababu waliwafahamu.

Kipimo cha pili ni mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na wanunuzi wenye kupunja uzito, waliweka wapimaji wao wenyewe. Katika harakati hizo vilichipuka vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini.

Nayakumbusha haya kwa kuwa sasa Benki Kuu yenyewe imefika mizanini. Tangu Oktoba 1, 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu walitakiwa kutenga si chini ya asilimia 20 ya dhahabu yao na kuiuzia Benki, nayo hulipa kwa shilingi. Benki inasema, kwa hakika: nipe dhahabu, nikupe ahadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwahi kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia benki za biashara, kwa bei iliyokaribia ile ya magendo, na dhahabu iliyokuwa ikipita njia za panya ikajitokeza. Haikuhitaji mahubiri.

Katika machimbo ya Geita na Shinyanga mchimbaji aweza kuusoma uzito. Asichoweza kuusoma ni usafi wa dhahabu, na hapo ndipo shaka huzaliwa. Walimu wa fizikia wanaweza kusaidia zaidi ya matangazo ya redio. Chukua kipande cha gramu 20. Kining'inize kwa uzi ndani ya maji, mizani isome gramu 18.8. Kimepungua gramu 1.2, basi densiti yake ni 20 kugawanya kwa 1.2, karibu 16.7. Dhahabu safi ni 19.3, na madini ya fedha 10.5. Ikiwa mchanganyiko ni wa hayo mawili tu, dhahabu iliyomo ni gramu 16 na ushei, yaani asilimia 81. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulifanya zoezi hili, na ofisa wa ununuzi aweza kulifanya hadharani, mbele ya muuzaji, kabla hajataja bei.