Kibanzi Kihukumiwe Kabla ya Sosi

Ubora wa vibanzi haumo katika wingi wa sosi. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia watu wenye elimu yao wakivisifu vibanzi vya baa ya mtaani kwetu, eti sahani hujaa na sosi hutolewa bure. Wanafunzi nao husema vivyo hivyo. Hao hawaingii baa, lakini hununua katika dirisha la kando, vibanzi vya karai lile lile.

Mimi huvipima kwa njia nyingine. Kwanza, huonja kimoja kikiwa kitupu. Kibanzi chema huwa kikavu nje na laini ndani, mithili ya kiazi kilichochemshwa. Kikilegea kama kamba na kuacha mafuta vidoleni, aghalabu kilitiwa katika mafuta yasiyopata moto wa kutosha, yakakipenya badala ya kukikausha.

Pili, hutazama rangi, nayo yapasa iwe ya dhahabu. Mwaka wa 2002, wataalamu wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali huzalisha akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Kadiri kibanzi kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hunusa. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa povu na moshi, na harufu yake hung'ang'ania chakula. Hapo ndipo ninapotofautiana na majirani zangu. Vibanzi vya baa yetu ni vingi na chumvi yake ni ya kadiri, lakini vinanuka mafuta ya juzi. Hukumu yangu ni kwamba havifai.

Wapo watakaosema kwamba mafuta ni ghali na mwuzaji naye ana watoto wa kulisha. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, akipunguza kipimo, mnunuzi huona kwa macho yake na kuamua. Akirudia mafuta, humficha. Heri sahani ndogo ya haki.

Walimu wa sayansi wasingoje kitabu kiwape mfano: wanga, joto na mafuta vyote vimo karaini. Nanyi wanafunzi, kabla ya kutoa pesa, ulizeni mafuta hayo ni ya lini. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini pale tunapohadaiwa kwa sosi ya bure, kibaya nacho hujiuza.