Mshahara wa Mtu Usiuite Zawadi

Mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha kusoma, tulichambua insha ya David Foster Wallace, ile ya safari ya wiki moja kwenye meli ya kitalii kule Karibi. Wengi wenu mnaijua. Ilitoka kwanza kwenye jarida la Harper's, Januari 1996, na mwaka uliofuata ikakipa jina kitabu chake cha insha. Tulicheka sana, maana Wallace anachekesha kwelikweli. Halafu mwenzetu mmoja, msomaji mzuri tu, akasema: "Lakini jamani, mimi kinachonishinda kwenye hizi meli ni habari ya bahshishi. Umeshalipa nauli, chumba na chakula, bado unadaiwa zawadi? Mimi ningeifuta." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si kawaida yangu.

Nilinyamaza kwa sababu mimi nimewahi kuifuta. Leo nasema.

Kwa wasiowahi kupanda, nieleze kwanza mambo yanavyokwenda. Kampuni nyingi za Marekani zinakata bahshishi kila siku, kwa kila kichwa, kwenye hesabu ya chumba chako. Kwa vyumba vya kawaida ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku. Watu wawili kwa usiku saba, kwa dola 18, ni dola 252. Vinywaji vina asilimia yake pembeni. Unaweza kulipa zote kabla ya safari, unaweza kuacha zikatwe siku kwa siku, na kwenye meli nyingi unaweza kwenda kaunta ya abiria ukaomba zipunguzwe au zifutwe kabisa. Zamani haikuwa hivi. Usiku wa mwisho uliweka noti kwenye bahasha ukamkabidhi mkononi mhudumu wa chumba, na yule wa mezani. Angalau bahasha ilikulazimisha umtazame mtu usoni. Siku hizi ukitaka kumnyima mtu, unamwambia karani wa kaunta, ambaye wala hahusiki.

Sasa kisa changu. Miaka michache iliyopita dada yangu, anayeishi Marekani, alitimiza miaka 50. Tukapanda meli Miami, usiku saba: yeye, shemeji, mama mdogo na mimi. Siku ya pili asubuhi tulikuwa tunabishana kwa sauti kuhusu pasi ya nguo, mlango ukagongwa. Mhudumu alikuwa amesimama na taulo mkononi, anacheka: "Shikamooni, mama zangu." Kijana wa Likoni, Mombasa. Mama mdogo nusura alie. Kuanzia hapo kila asubuhi ni salamu. "Umelala, baba?" "Nimelala kidogo, mama." Tukadhani "kidogo" ni mzaha.

Siku ya sita shemeji akaja na hesabu yake kwenye simu. Watu wanne, siku saba, dola 18: jumla dola 504. "Hizi zinaliwa na kampuni," akasema. "Tufute, tumpe kijana wetu mkononi." Neno lililonilainisha ni hilo, kijana wetu. Nikaenda kupanga foleni mimi mwenyewe. Mbele yangu walikuwepo watu kama kumi, wote kwa shughuli hiyohiyo. Karani akaniuliza kama kuna tatizo la huduma. Nikasema hakuna. Akabonyeza. Haikufika hata dakika mbili.

Jioni tukampa kijana bahasha yenye dola 100. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asanteni, halafu akauliza taratibu: "Mama, mmefuta ile nyingine?" Tukatazamana. Akatueleza bila hasira hata kidogo. Kwenye meli yao vyumba vilivyofuta hujulikana, na mhudumu akipewa pesa mkononi na chumba kilichofuta anatakiwa azipeleke kwenye mfuko wa pamoja. Mfuko huo unagawiwa yeye, mwenzake anayemsaidia kutandika, watu wa dobi na wa vyombo jikoni. "Huko chini tuko wengi, mama. Nyinyi mnaniona mimi tu."

Asubuhi nilirudi kaunta kabla ya kushuka. Hesabu ilikuwa imefungwa usiku. Basi.

Angalieni hesabu ile vizuri. Tulifuta 504, tukatoa 100, na tukalala tukijiona watu wema. Dola 404 zilibaki mifukoni mwetu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyezitaja. Kampuni tuliyodai kuikomoa haikupoteza senti. Aliyepoteza ni mtu wa dobi ambaye sikuwahi kumwona, tena labda Mfilipino au Mhindi, ambaye kwa hesabu zetu hakuwa "wetu".

Ndiyo maana nasema ugomvi wetu ni wa maneno kwanza, na sisi tunaojidai watu wa maneno tunapaswa kuona aibu. Kiswahili kina utajiri wa ajabu kwenye jambo hili. Kuna kilemba cha baba wa bibi harusi, kuna kipa mkono, kuna kifungua mlango, kiosha miguu, na huyo mganga naye ana kiingilia porini chake. Kuna kiinua mgongo, ambacho leo tunamaanisha malipo ya kustaafu, lakini jina lenyewe linakuonyesha mtu aliyeinama kazini sasa anajinyoosha. Anayesema "kwetu hatuna utamaduni wa tipu" hajaolewa pwani wala hajaoza binti. Tunao, tena wenye ngazi na majina. Tofauti ni kwamba kila jina hapo lina tukio lake, linajulikana na pande zote mbili, na anayepokea kifungua mlango hategemei mlango huo kulipa kodi ya nyumba.

Bahshishi nalo lina asili yake. Limetoka Uajemi, kwenye kitenzi cha kutoa na kusamehe. Anayetoa ana hiari na anayepokea hana haki. Ukimlipa mtu ujira mdogo kwa makusudi, halafu sehemu kubwa ya riziki yake ukaiita bahshishi, umefanya ujanja wa lugha: umechukua haki yake ukaigeuza hisani ya abiria. Sisi Watanzania ujanja huu hatuugeni. Tuliwahi kuiweka takrima kwenye sheria ya uchaguzi, jina zuri la ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ikaitupilia mbali mwaka 2006. Jina zuri liliwekwa pale lifanye kazi chafu, na kwenye meli hizi ni vilevile.

Mtasema nazidisha chumvi. Haya, tuangalie kazi yenyewe. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu saa za kazi zifike 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Hicho ni kikomo kinachomlinda mfanyakazi, jamani. Meli nyingi zimesajiliwa Bahama, Panama, Bermuda au Malta, hata kama abiria na ofisi ni za Marekani, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakipandi ngazi ya meli. Kima cha kimataifa kilichokubaliwa kwa baharia mwenye sifa, kuanzia Januari 2025, kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Kwa mwezi! Familia yetu ilifuta dola 504 kwa foleni ya robo saa.

Mchezo huu wala haukuanzia baharini. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani, ikawalipa kidogo na kuwaachia abiria wamalizie kwa tipu. Abiria wakawaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba. Walichodai ni mshahara na saa za kazi. Hawakudai abiria wawe wakarimu zaidi.

Na sisi tunayo riwaya yetu. Adam Shafi, katika Kuli, anatupeleka bandarini Unguja, kwa wachukuzi na mgomo wa 1948. Nimeisoma nikiwa shule, nikaisoma tena baada ya safari ile. Kwenye kitabu hicho jambo linalogombewa ni ujira, na wanaougombea wana majina, wana nyumba, wana hasira. Nikajiuliza kwa nini tunawapenda hivyo Rashidi na wenzake kwenye karatasi, halafu tukipanda meli tunataka mfanyakazi atabasamu na asiwe na mahesabu.

Turudi kwa Wallace, maana sitaki mseme namsingizia. Yeye alikiona kitu. Mwanzoni mwa safari alijibebea begi lake mwenyewe, kwa adabu tu, na mpagazi wa Kilebanoni akaingia matatani kwa sababu abiria haruhusiwi kubeba mzigo. Adabu yake ikawa adhabu ya mwingine, na Wallace aliumia, akalifuatilia. Aligundua pia kwamba Frank Conroy, mwandishi wa kuheshimika, alilipwa na kampuni kuandika insha ya kusifu meli, ikachapishwa kwenye kijitabu cha matangazo kana kwamba ni fasihi. Hapo Wallace alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Tabasamu la kununuliwa lilimtia huzuni. Ninachomlaumu, na ninachotulaumu sisi wasomaji wake, ni kwamba huzuni yote ile inamhusu anayetabasamiwa. Tunatoka kwenye insha tukijua vizuri sana abiria anavyojisikia akihudumiwa kupita kiasi. Anayehudumu analipwaje, na nani, na lini? Hilo tunalisahau, halafu tunakaa kwenye kikundi cha kusoma tunasema tungefuta.

Sasa hoja zenu, nazijua, kwa sababu zote nilizisema mimi pale kwenye foleni.

"Ni jukumu la kampuni kuwalipa watu wake." Kweli kabisa. P&O Cruises ya Uingereza iliacha kukata bahshishi mwaka 2019, ikaingiza gharama hiyo kwenye nauli, na meli zake hazijazama. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kufuta kwako hakuilazimishi kampuni kulipa. Kama unataka kuisukuma, nunua tiketi kwa wanaojumuisha malipo hayo kwenye bei, na waandikie wengine kwamba ndiyo sababu umewakimbia. Hiyo wataisikia. Foleni yako wataisikia watu wa dobi.

"Tipu ni hiari." Kwenye karatasi, ndiyo. Hata kumwamkia mkubwa ni hiari, jaribu kuacha uone.

"Huduma ikiwa mbovu je?" Mwite msimamizi siku hiyohiyo, mseme. Mshahara wa mtu haukatwi kwa siri na mgeni wa wiki moja kwa sababu supu ilipoa, tena ukakatwa mpaka wa mtu aliyekuwa anafua mashuka.

"Afadhali nimpe mkononi ninayemjua." Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inanukia utu. Kumpa mkononi ni jambo zuri likiwa la ziada. Likiwa badala, umemlipa anayeonekana kwa pesa za wasioonekana, na umejinunulia shukrani.

Basi mkiniuliza lini na vipi, jibu langu ni fupi. Bahshishi ihesabiwe siku unapohesabu nauli, kabla hujalipa hata shilingi. Wiki moja ya watu wanne ni dola mia tano na zaidi, na kama haiingii kwenye bajeti yako basi safari hiyo haiingii kwenye bajeti yako. Hakuna aibu, panda boti ya Azam uende Unguja. Ilipe yote mapema, uiondoe kwenye majadiliano, isiwe jambo la kuamuliwa siku ya sita mtu ameshanunua saa na marashi na anatafuta pa kubana. Ukiguswa na mtu, mpe chako mkononi juu ya hiyo, na hicho ndicho cha kuitwa zawadi. Na kaunta ya kufutia usiikaribie.

Najua kwamba nikisema hivi naisaidia kampuni kuendelea na ujanja wake. Linanikera, na sina namna ya kulimaliza kwa maneno mazuri. Lakini kati ya kampuni inayonitumia mimi kulipa mishahara yake, na mimi kumtumia mtu wa dobi kuikomoa kampuni, najua nani hana pa kukimbilia. Yuko katikati ya bahari, mkataba wake una miezi kadhaa mbele.

Kijana wa Likoni hatukubadilishana namba. Ile bahasha sikuuliza aliipeleka wapi. Yule mwenzetu wa kikundi, mwezi ujao anapanda meli na familia yake. Nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa, nikamwambia ukweli kuhusu zile dola 404. Hajanijibu bado.