Aliyechelewa si mama

Hapa Minova kuna imani iliyoota mizizi: shule ina umri wake, na mama mwenye wajukuu anayebeba daftari anajitafutia aibu. Akipita njiani vijana wanaulizana, "Huyu naye anasoma aolewe tena?" Wazee wenye heshima zao wanamalizia kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Wanaisema huku wanatafuna sambaza waliokaushwa juani, samaki ambaye katika ziwa letu la Kivu hakuna aliyewahi kuhangaika kumkunja. Methali hiyo ni ya malezi ya mtoto. Kumnyima mtu mzima kalamu si kazi yake.

Sinema nazo zimekinogesha kicheko hicho. Mwaka 2018 Wamarekani walitoa Life of the Party, ambamo Melissa McCarthy ni Deanna, mama anayerudi kusoma katika chuo kilekile cha binti yake. Tunacheka mavazi yake, tunacheka jasho linavyomtoka akitakiwa kuzungumza mbele ya darasa. Sababu ya kurudi kwake tunairuka. Deanna aliacha chuo mwaka wa mwisho kwa ajili ya mimba, na mume akamwacha siku ileile walipompeleka binti yao chuoni. Kina Deanna tunao wengi huku kwetu Kalehe, ila wetu hawakukiona chuo. Masomo yao yalikatikia shule ya msingi.

Tupige hesabu. Mama aliyezaliwa 1986 alikuwa na miaka 10 vita vya 1996 vilipoingia Kivu, na miaka 12 vita vya pili vilipoanza 1998. Katiba ya Kongo ya 2006 ilipoandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, alikuwa na miaka 20, pengine na mtoto mgongoni. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019, naye alikuwa ametimiza miaka 33. Huyo ndiye tunayemwambia amechelewa?

Wanauliza: asome ili afanye nini? Nendeni sokoni mkamtazame mama muuza maharage. Mtoza ushuru anampa jetoni, risiti ya ushuru. Anaigeuza upande huu na ule, kisha anamwita mtoto wa jirani amsomee kiasi. Mtoto akiwa shuleni, mama anaamini alichoambiwa na kulipa. Ikija karatasi ya shamba, anaweka kidole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Elimu ya mama huyu haingoji ajira. Faida yake inaonekana sokoni jioni ileile.

Wengine wanadai mtu mzima anawanyang'anya watoto nafasi. Wamkumbuke Kimani Maruge, mkongwe wa vita vya Mau Mau vya Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya Kenya kufuta ada ya msingi. Mwaka 2005 mzee huyo alikuwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akidai elimu ya bure kwa wote. Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 zilimfukuza nyumbani, akaishi kambini, na bado akaendelea na shule. Filamu ya maisha yake, The First Grader, ilitoka 2010. Sisi tuliopokea wakimbizi mara nyingi, tukaona mji wetu wenyewe ukitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, tunajua kambi ni nini. Anayeng'ang'ania daftari mahali kama hapo anachekwa kwa lipi?

Na nafasi hiyo inayonyang'anywa iko wapi? Mtihani wa taifa unamruhusu hata aliyejisomea mwenyewe kuufanya. Mama akisoma jioni anakalia benchi ambalo watoto wameshaliacha. Anayewafungia watoto mlango ni ada, vita na mwalimu asiyelipwa, na hao watatu hatujasikia wakizomewa njiani.

Katiba ilitumia miaka 13 kufika darasani, na hakuna kijana aliyeiuliza kama inataka kuolewa tena. Mwenye hamu ya kumcheka mchelewaji aanze na huko Kinshasa. Mama mwacheni aandike.