Uchambuzi: Mkono wa kwanza wa usalama uko maabara za Arua na Koboko

Mwishoni mwa Juni 2019, mgonjwa aliyesafiri kutoka Beni alithibitishwa kuwa na Ebola mjini Ariwara, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ariwara ni mji wa soko ulio jirani na Arua na Koboko, karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana.

Eneo la West Nile si geni katika historia ya maradhi. Mwaka 1937 watafiti walivitenga virusi kutoka katika damu ya mwanamke wa Omogo, wakavipa jina la eneo hilo. Mwaka 1999 virusi hivyo hivyo vikazuka New York. Tauni nayo bado huibuka katika nyanda za juu zinazopakana na Ituri, na ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ina maabara ya tauni mjini Arua.

Uwezo wa Uganda umekua. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, sampuli zilipelekwa Afrika Kusini kuthibitishwa. Januari 2025, ugonjwa huo ulipogunduliwa Kampala, maabara za ndani ya nchi ndizo zilizotoa jibu.

Hata hivyo, uthibitisho huo ni hatua ya mwisho. Katika siku za mwanzo Ebola hufanana na malaria. Kwa hiyo anayepokea damu ya mgonjwa Koboko hajui ameshika nini. Hapo ndipo ilipo kazi ya mtaalamu wa mikrobiolojia aliyejikita katika usalama wa maabara: kuhakikisha kila sampuli inashughulikiwa kana kwamba ni hatari, inafungashwa kwa tabaka tatu kabla ya safari ndefu ya kwenda Entebbe, na taka zinatakaswa kwa mvuke kabla ya kutupwa. Akifaulu, hakuna kinachotokea. Kwa sababu hiyo kazi yake haionekani, na huwa rahisi kuikata katika bajeti.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa wa sekta ya afya Uganda, ilisitisha misaada yake ya nje. Siku kumi baadaye Kampala ikatangaza mlipuko wa Ebola.

Fundisho kwa serikali ni bayana. Mashine mpya hupokelewa kwa sherehe, lakini glavu huisha, umeme hukatika na makabati ya usalama huhitaji kukaguliwa kila mwaka. Gharama hizo, pamoja na mshahara wa mtaalamu anayebaki mpakani badala ya kuhamia Kampala, zinastahili kuwekwa katika bajeti ya taifa. Vinginevyo, atakayeambukizwa kwanza huenda akawa yule aliyepewa jukumu la kuutambua ugonjwa.