Nafasi ya Afrika Kwenye Barafu
Viongozi wa michezo ya majira ya baridi wamekuwa hodari wa kuzungumzia usawa na ujumuishi. Ukitaka kuipima nia yao, achana na hotuba, soma kanuni za kufuzu.

Chukua skeletoni, mchezo wa kuteremka kwenye njia ya barafu, mchezaji amelala kifudifudi juu ya sleji, kichwa mbele. Katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 walishiriki Akwasi Frimpong wa Ghana na Simidele Adeagbo wa Nigeria. Kila mmoja alishika mkia katika mashindano yake. Kufikia Beijing 2022, nafasi iliyokuwa ikitengewa bara lisilo na mwakilishi ilikuwa imefutwa. Wote wawili walilalamika hadharani. Adeagbo alipenya kupitia bobsledi ya mtu mmoja. Frimpong, ambaye pia alipatwa na UVIKO-19 wakati wa mbio za kufuzu, hakwenda.

Wapo wanaouliza: Olimpiki ni ya walio bora, wa mkiani anatafuta nini? Swali ni halali, ila linasahau kwamba ubora hutanguliwa na mahali pa kufanyia mazoezi. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyepelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 kule Nagano mwaka 1998, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyemngoja mwishoni akamkumbatia. Kumbatio hilo linasimuliwa hadi leo. Kisichosimuliwa ni kwamba baada ya Boit kushiriki mara ya tatu mwaka 2006, Kenya ilikaa miaka 12 bila mwakilishi, hadi alipotokea Sabrina Simader. Naye alilelewa Austria.

Hapo ndipo hoja ya nafasi maalumu inapopwaya, nakiri. Peke yake humfaidi zaidi Mwafrika aliyekulia jirani na theluji. Kijana wa Nairobi bado anategemea kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, ambako timu ya Ice Lions ilijifunzia mpira wa magongo wa barafuni. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwasafirisha wachezaji hao wakacheze na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby, kwa ajili ya tangazo. Tangazo lilipendeza sana. Kiwanja cha vipimo kamili hawakupata.

Na tusidhani wanaoachwa nje ni Waafrika tu. Hata katika Olimpiki ya 2026, mchezo unaochanganya kuruka na kukimbia kwa ski ulibaki wa wanaume peke yao.

Kwa hiyo, kabla ya Olimpiki ya 2030 kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, mashirikisho yaifanye nafasi ya bara kuwa kanuni ya kudumu, na fedha wanazotumia kwa matangazo ya ujumuishi zijenge viwanja vya barafu barani Afrika. Wakishindwa hilo, basi waache kutupiga picha.